Uso wa Alphéda Kwenye Kadi

Normande Sirois hakuwahi kuolewa, na watu wa Bonde, kule kaskazini kunakosemwa Kifaransa, walimsamehe kosa hilo kwa sababu ya mama yake. Kaka zake wote walishuka kusini mmoja baada ya mwingine kwenda viwandani Connecticut, wakaoa huko, wakazaa watoto wasiojua Kifaransa, na kila Krismasi wakatuma salamu zilizochapishwa tayari. Yeye kitinda mimba akabaki. Palikuwa na fundi bomba aliyeitwa Rosaire, akimtaka, naye akimtaka. Lakini Rosaire alitaka kuhama. Siku moja Normande alimwona mama yake kupitia dirishani, akichota theluji kwa koleo mlangoni peke yake, akisimama kila mara kushika kiuno. Rosaire akaondoka na vifaa vyake.

Akaingia kiwanda cha viazi vya kukaanga, kwenye mkanda wa kuchagua. Miaka nenda miaka rudi alisimama pale akiondoa vilivyooza, mikono ndani ya maji baridi, mpaka vidole vikagoma kujikunja. Kiwanda kikamshukuru kwa keki, kikamwonyesha mlango.

Kufikia hapo Alphéda, mama yake, alikuwa ameanza kupotea akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Aliacha bomba la maji likimwagika. Aliwaita ng'ombe waliouzwa zamani. Siku ambazo akili ilirudi, alijua kwamba imetoka na itatoka tena, na katika mojawapo ya siku hizo alimshika Normande mkono, akamwambia, "Usinipeleke kwa watu. Nikilishwa, nilishwe na wewe. Hapa hapa."

"Hapa hapa, Mama," Normande akasema.

Hakuomba kitu kingine maishani baada ya hapo. Watu wengine hutaka shamba, wengine hutaka watoto wafaulu. Yeye alitaka mama yake afe kitandani pake, tumbo likiwa na chakula alichokipika binti yake.

Ndipo wakaanza kula kwa kadi. Kila mwezi serikali iliingiza chakula chao ndani ya kipande cha plastiki. Ukikipitisha kwenye mashine na kubonyeza namba ya siri, unaondoka na unga, siagi, mayai. Alphéda aliendelea kusema "stempu", kama walivyoita vikaratasi vya chakula zamani, wakati karibu kila nyumba kando ya mto ilizipokea msimu wa baridi na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mwanzoni hapakuwa na shida. Duka lilikuwa la Léandre Lagassé, na Léandre hakuhitaji kuonyeshwa mtu ni nani. Alikuwa amewazika wazazi wa wateja wake. Jirani alibeba kadi ya jirani aliyevunjika mguu, akarudi na vitu vyake. Hivyo ndivyo watu walivyoishi mahali ambapo barabara hufungwa na theluji na nusu ya wanaokula hawawezi kutembea.

Kisha katika mji mkuu wa jimbo, mwendo wa kutwa nzima kwa gari kuelekea kusini, watu walioshiba waliketi mezani wakakubaliana kwamba maskini wanaiba. Hawakusema maskini yupi, wala ameiba nini. Walisema tu kwamba kadi ya chakula sharti iwe na picha ya mwenyewe, ili mwizi wa siagi aonekane. Tangu Bonde liwe Bonde, hakuna mwizi aliyewahi kwenda dukani na kadi ya Alphéda Sirois. Lakini barua ikaja: fikeni ofisini mpigwe picha.

Normande aliipokea barua ile kama mwaliko wa harusi. Alimpeleka mama yake kwa Corinne msusi, nywele zikakunjwa vizuri. Akamvalisha gauni la bluu la kanisani, akambania pambo dogo la fedha kifuani. Kwa bahati ilikuwa siku njema ya akili. Njiani Alphéda alimwuliza, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Unakwenda kupigwa picha."

"Kwa umri huu? Wanataka kutishia ndege mashambani?"

Ofisini, kijana wa kamera aliwatazama wote wawili, akauliza kwa adabu, "Mmoja tu anatosha. Nani huwa anakwenda dukani?"

"Mimi," Normande akasema.

"Basi tukupige wewe, mama?"

Normande alitabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu na mtoto asiyejua. "Mama yangu yupo, mwanangu. Niweke sura yangu mimi?"

Kijana hakuelewa. Hakutoka Bondeni. Kule, mama akiwa hai, kila kitu cha nyumba ni chake: sanduku la barua lina jina lake, benchi kanisani ni lake, hata watoto wenye mvi hutajwa kupitia kwake. Normande mwenyewe hakuwahi kuitwa Normande mtupu. Alikuwa Normande wa Alphéda, na pengine angezikwa hivyo. Kuweka uso wake kwenye kadi ya nyumba kungekuwa kumzika mama yake mapema ili akalie kiti chake. Kwa hiyo Alphéda akakaa mbele ya kamera, akainua kidevu. Kadi ilipokuja kwa posta, majirani walipita kuiangalia. Corinne alisema nywele zimekaa. Wazee walisema Alphéda amekuwa Delvina mtupu, yaani mama yake aliyekufa zamani. Hakuna hata mmoja aliyeona kosa, maana wote wangefanya vivyo hivyo.

Mwaka uliofuata Léandre Lagassé alifunga duka, magoti yakiwa yamemwishia. Likabaki la Hadlow tu, duka kubwa lenye taa nyeupe ukingoni mwa mji. Keshia wa kule, Ghislaine, alikulia nyumba ya tatu kutoka kwa akina Sirois. Alipitisha kadi bila kuitazama, akauliza hali ya Mama, akafunga mfuko. Mpaka mwezi wa Januari alipoletwa meneja mpya kutoka kusini, Bwana Prentiss, mtu nadhifu asiye na kelele. Alibandika karatasi juu ya kila mashine: picha ilingane na mteja. Halafu akasimama nyuma ya Ghislaine kuona kama inafuatwa.

Normande alifika na toroli yake. Unga wa kupikia ploye, zile chapati laini zinazopikwa upande mmoja tu, siagi, mayai, kuku mmoja. Ghislaine aliishika kadi, na mkono wake ukasita.

"Dada Normande," akasema taratibu, kwa Kifaransa, "mimi ningekuruhusu. Lakini amenisimamia."

"Amesimamia nini? Si unanijua?"

"Nakujua. Hata yeye anajua kwamba nakujua."

Bwana Prentiss akasogea, akaitazama picha, akamtazama Normande. "Samahani, mama. Huyu si wewe."

"Ni mama yangu. Tunakula pamoja. Namba ya siri ninayo."

"Namba mtu yeyote anaweza kupewa. Ndiyo maana pana picha."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kujaa. Conrad Dumond, ambaye hajawahi kukutana na kimya akakiacha salama, akachungulia. "Bwana meneja, mwache. Mtu aibe sura ya Alphéda aende nayo wapi? Mimi ningekuwa nayo ningeitundika kwenye banda la kuku, mbweha wasije."

Watu wakacheka, Normande naye. Alidhani kicheko kitalimaliza jambo, kama kilivyokuwa kikimaliza mambo kwa Lagassé. Lakini mwanamke mmoja mwenye koti jeupe, ambaye Normande hakumjua, akasema bila kumtazama mtu, "Wengine tunalipa kodi. Tusogee basi."

Kicheko kikafa. Normande aliisukuma toroli pembeni, akaiacha pale kuku akiwa juu, akatoka.

Nyumbani alipika viazi vilivyobaki, na alipokuwa akimlisha mama yake alikata shauri. Wanataka uso, atawapelekea uso. Hakuona hatari yoyote. Angeona vipi? Mtu anayefikiri kama binadamu huamini kwamba ukimleta mwenyewe, akasimama kwa miguu yake, maneno yamekwisha.

Keshokutwa yake baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alimvika Alphéda sweta juu ya sweta, akamfunga shali, akampandisha kwenye pikapu akimsukuma kwa bega. Mzee alikuwa mchangamfu. Dukani alishika ukingo wa toroli kwa mikono miwili, akawasalimu watu aliowajua na asiowajua. Conrad hakuwepo, lakini Ghislaine alikuwepo, na Bwana Prentiss pia.

"Huyu hapa," Normande akasema. "Mama yangu, Alphéda Sirois."

Bwana Prentiss aliridhika. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Aliichukua kadi, akamwinamia mzee, akauliza kwa sauti ya kusemea viziwi, "Bibi, huyu ni wewe?"

Alphéda alivaa miwani. Alitazama. Uso wake wote ukafunguka.

"Mama," akasema kwa Kifaransa. Akaibusu kadi. "Tazameni, ni Mama. Nani amempiga Mama picha?"

"Ni wewe, Mama," Normande akamnong'oneza. "Ile siku ya Corinne."

"Mimi?" Alphéda alicheka. Akilini mwake siku hiyo alikuwa na miaka thelathini, kiuno kimenyooka. "Huyu ni Delvina. Unamfahamu, dada? Alikuwa anakaa kule juu kanisani." Kisha kicheko kikamwishia. Akaigeuza kadi, akatazama toroli, akatazama kadi tena. "Lakini Mama amekufa. Nani anatumia tiketi yake?"

Normande alijua neno lile linakotoka. Zamani, msimu wa kuvuna viazi, shule zilipofungwa ili watoto waokote, kila mwokotaji alipewa tiketi zenye namba yake. Ukijaza pipa, unaweka tiketi yako juu, gari linapita kukusanya, jioni unalipwa. Watu walivumiliana mengi mashambani: walevi, wagomvi, waongo. Lakini mtu aliyetoa tiketi ya mwenzake kwenye pipa akaweka yake hakusemeshwa tena. Alphéda aliwahi kumchapa Normande mbele ya shamba zima kwa pipa moja lisilojaa sawasawa.

"Anasemaje?" Bwana Prentiss akauliza.

Ghislaine alimtazama Normande. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. "Anasema ndiyo," akajibu kwa Kiingereza. "Anasema ni yeye."

Ulikuwa uongo mtakatifu, na ungetosha. Lakini watu wa rika la Alphéda walifundishwa Kiingereza kwa fimbo, na kilichoingia kwa fimbo hakitoki hata akili ikitoka. Mzee alijiweka wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, akamkabidhi meneja kadi kwa mikono miwili.

"Hapana, bwana," akasema Kiingereza safi, neno kwa neno. "Si mimi. Si yangu. Mwenyewe amekufa."

Akamgeukia Normande, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu mzima anayemwangalia kibarua mgeni aliyefumaniwa kwenye mapipa ya watu.

"Na wewe, binti," akamwuliza, "umelelewa na nani?"

Bwana Prentiss aliitia kadi kwenye droo, akasema analazimika kuwaarifu wahusika, kwamba pole sana, kwamba hata yeye ana mama.

Bonde halikuwaacha walale njaa. Habari ilitembea haraka kuliko gari, na kufikia Jumapili vyungu vilikuwa vimepangana ukumbini: kuku wa Corinne, maharage ya akina Dumond, ploye zilizofungwa kitambaani zikiwa bado moto. Conrad aliyaleta mwenyewe. Alisimama mlangoni akizungusha kofia. Safari hii hakuwa na mzaha wowote, na hilo ndilo lililomtisha Normande.

Shida haikuwa chakula kukosekana. Shida ilikuwa kwamba Alphéda alisahau majina ya kaka zake Normande, akasahau kama amevaa viatu, lakini jambo la dukani halikumtoka. Lilikaa kichwani mwake peke yake, kama msumari kwenye ubao mtupu. Alikiona chungu, akauliza, "Hiki cha nani?"

"Chetu, Mama. Kula."

"Chetu hakina mfuniko wa kijani."

Normande alihamishia chakula kwenye vyungu vyao. Alphéda alionja, akatema polepole kwenye leso. Mkono wa Corinne na maharage ya Dumond vilikuwa na ladha zake, na ulimi wa mzee ulizitambua kuliko macho yake. Normande akapika ploye mwenyewe, mbele yake, unga ukimwagika mezani. Akaweka siagi na sukari guru, akaikunja, akamsogezea mdomoni.

"Kwa tiketi ya nani?" Alphéda akauliza.

"Yangu mimi. Nimeokota mwenyewe, Mama, wiki nzima."

Mama yake alimtazama kwa huruma ngumu. "Wewe nilikuona," akasema, akafunga mdomo.

Alikunywa maji. Mara mojamoja alikubali chai. Normande alijaribu kuimba, kununa, kuondoka na kuacha sahani, kulia. Alijaribu hata kupiga magoti na kukiri wizi ambao hakuufanya, akaomba msamaha, akaahidi kurudisha tiketi zote. Alphéda alimsamehe mara moja, akamwekea mkono kichwani. Lakini hakula. Kusamehe mwizi ni jambo moja, na kula naye ni jambo jingine.

Jeannine, muuguzi anayezungukia majumbani, alimpima mzee, akampima tena. Alikuwa amesoma na Normande, kwa hiyo hakuzunguka. "Mifupa inanichoma mikono, Normande. Siwezi kumwacha hapa."

"Nilimwahidi."

"Najua. Wote humu tumeahidi mtu kitu. Nikimwacha, wiki ijayo nitakuja na padri."

Wakati huo huo ofisi ya kadi ikapiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti laini, na alikuwa na habari njema. Wamelichunguza shauri, hakuna kosa lililoonekana, kadi nyingine inakuja. Na kwa kweli, akaongeza, lile duka lilikosea. Mtu yeyote wa nyumba moja anaruhusiwa kutumia kadi ya nyumba hata kama picha si yake. Ndivyo ilivyoandikwa tangu siku ya kwanza.

Normande alikalia kiti. "Tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, mama. Wenye maduka walitumiwa maelezo. Pengine hawakusoma."

"Sasa picha ni ya nini?"

Mwanamke yule alikuwa mwaminifu, au labda alikuwa amechoka. "Sijui, mama," akasema. "Sisi huambiwa tuzipige tu." Kisha akauliza swali lililofuata katika orodha yake: nyumba hii ina walaji wangapi kwa sasa? Normande alimwambia asubiri, akaweka simu mezani, akaenda kumfunga mama yake vifungo vya koti, maana Jeannine alikuwa amefika na gari.

Nyumba ya wazee ilikuwa mji wa pili, kando ya mto uleule. Normande alimkalisha mama yake mezani, akamfunga kitambaa shingoni, akachota supu. Alphéda alikisukuma kijiko. Alimwita msichana wa zamu, akamnong'oneza kitu sikioni huku akimtupia Normande jicho. Msichana alikuwa mgeni kazini, hakujua kuficha.

"Anasema wewe uondoke kwanza," akamwambia Normande. "Anasema huwa unachukua vya watu."

Normande alitoka, akasimama ukumbini nyuma ya mlango. Alisikia kijiko kikigonga bakuli. Alisikia mama yake akiomba mkate. Msichana alipotoka na bakuli tupu alikuwa akitabasamu, akasema bibi amekula vizuri sana, tofauti na ilivyoandikwa kwenye karatasi zake, na kwamba kesho aje mapema wamlishe pamoja.

Normande alilitazama bakuli. Akamwuliza msichana saa za chakula, zote, za asubuhi, mchana na jioni. Akazirudia kwa sauti mpaka akazishika, na tangu siku hiyo hakukanyaga pale katika saa hizo.